Raba Ziko Mbeya

Asukile Mwaisumo alikanyaga pedeli ya breki, nayo ikazama mpaka sakafuni, laini, kama mguu unaoingia kwenye tope la jaruba. Akaiachia, akakanyaga tena upesi upesi, ikainuka nusu. Alipoirudia ikashika, lakini kwa shingo upande, kama mtu aliyelazimishwa kusalimia.

"Bado?" aliuliza Ambrosi Kalinga kutoka chini ya gari.

"Bado, mzee. Leo imezidi."

Kulikuwa kumepambazuka Iringa, na baridi ya Julai ilikuwa ile ya kuuma masikio. Moshi wa kuni ulikuwa umelala juu ya mabati ya gereji ya kampuni, haupandi wala haushuki. Ambrosi akajitokeza kutoka uvunguni, kwanza buti, kisha miguu mirefu isiyokwisha, mwisho kichwa chenye mvi kilichofungwa kitambaa. Alikuwa fundi mkuu wa gereji ile. Alikuwa pia fundi wa pekee, maana msaidizi wake aliachishwa kazi mwaka uliopita pamoja na utingo wote wa magari, ili kampuni ibane matumizi. Ufundi alijifunza vitani Burma, akifungua na kufunga malori ya mfalme wa watu wengine.

Gari lenyewe lilikuwa vani ya kijivu yenye sanduku la bati nyuma. Asukile aliliita Shangazi, kwa kuwa lililalamika kila mlima lakini halikuacha kumfikisha mtu nyumbani. Alikabidhiwa likiwa jipya, likinuka rangi. Sasa lilinuka vitunguu, mafuta ya taa na jasho lake mwenyewe, na asingekubali kubadilishana na dereva yeyote barabara nzima ya Mbeya.

Si kwamba kampuni haikujali usalama. Mvua zilipokwisha, walikuja watu wa bima wakafunga kila gari kidude kinachoitwa gavana, cha kubana injini isizidi mwendo. Kikazungushiwa waya na kupigwa lakiri ya madini ya risasi ili dereva asikiguse. Kisha wakapigilia kibao cha shaba mbele ya usukani chenye maneno ya Kiingereza ambayo karani aliwafasiria: Usalama Kwanza. Siku hiyo Ambrosi aliuliza, kwa adabu, habari za breki. Aliambiwa breki si kazi ya watu wa bima.

Na breki ndizo zilizokuwa zinakufa. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na vikombe vidogo vya raba, si vikubwa kuliko kizibo cha chupa, ambavyo mafuta ya breki huvisukuma ili gurudumu libanwe. Vya Shangazi vilikuwa vimelika. Mafuta yakavuja, magurudumu yakalowa kwa ndani. Ambrosi alikuwa ameomba raba mpya tangu masika. Alivigeuza vile vya zamani, akavisugua, akavifunga uzi wa katani. Leo vilikataa kubembelezwa.

Joachim, karani wa kampuni, akaja uani amejitanda blanketi mabegani. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hajui kama kweli anayo furaha.

"Bwana Hadley amepiga simu toka Mbeya," alisema. "Raba zimefika."

Ambrosi akafuta mikono. "Mungu ni mwema. Ziko wapi?"

"Ziko Mbeya."

"Na zinakuja na gari gani?"

Joachim akakohoa. "Bwana amesema gari liende likazifuate. Lichukue na yale mablanketi na mabati, leo hii."

"Ile vani nyingine si imekwama Ruaha Mbuyuni inangoja vitunguu?" Asukile aliuliza.

"Imekwama."

"Basi gari gani liende?"

Karani akamtazama Shangazi, halafu akatazama chini. Kuku wa jirani akapita katikati yao, hana haraka. Ambrosi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu cha kifuani.

"Yaani gari lisilo na breki liende Mbeya kufuata breki."

"Mimi nimetumwa tu, mzee wangu. Amesema wewe useme kama gari linaweza kwenda."

"Kwenda linaweza. Hata jiwe linaweza kwenda ukilisukuma. Ungemwuliza kama linaweza kusimama."

"Nilimwuliza," Joachim alisema kwa sauti ndogo. "Akasema asiyetaka aseme. Sokoni wako madereva wengi wanazunguka na leseni mfukoni."

Asukile alikuwa na mke Mbeya, Tupokigwe, na binti yao Ikupa alikuwa ndio kwanza ameanza shule ya misheni. Alijua pia kwamba kweli madereva wako, na kwamba yeyote kati yao angemwendesha Shangazi kwa fujo na kumvunja kabla ya mwezi kuandama. Akaanza kupakia mablanketi.

Alipofunga mlango wa nyuma, Ambrosi alikuwa ametoweka. Akarudi baadaye kidogo kutoka kwenye vyumba vya wafanyakazi amevaa koti lake la jeshi, na mfuko wa spana begani. Nyuma yake alikuja mkewe, Matilda, amebeba kikapu cha chakula na hasira.

"Unakwenda wapi, mzee?" Asukile aliuliza.

"Mbeya. Nikaone hizo raba kwa macho yangu."

"Baba Juliana," Matilda alisema, "kwa umri huu unatafuta nini barabarani?"

"Nimeulizwa kama gari linaweza kwenda. Nikisema linaweza, halafu mimi nibaki hapa nakunywa uji, mimi ni mtu wa namna gani?"

Matilda alimgeukia Asukile, akamkabidhi kikapu kwa mikono miwili. "Shemeji, huyu mzee ana maneno mengi kuliko kasuku. Lakini ndiye niliye naye. Unirudishie."

"Nitamrudisha, mama."

"Na vyombo vyangu pia."

Mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogoro waliushuka kwa gia ya kwanza, injini ikilia kwa uchungu, Ambrosi ameshika breki ya mkono kwa mikono yote miwili kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Wanawake waliokuwa wakipanda na mizigo ya kuni wakasogea majanini na kuwapungia. Asukile hakupunga. Walipovuka daraja la Ruaha Mdogo na barabara ikalala sawa, aligundua kwamba alikuwa amebana pumzi tangu sokoni.

"Pumua," Ambrosi alimwambia. "Hewa haina lakiri."

Wakacheka wote wawili, na safari ikawa safari. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imekauka na kufanya mawimbi yaliyotetemesha meno. Asukile aliendesha mbali na kila kitu: akiona mbuzi upande wa pili wa bonde, alianza kupunguza gia. Ambrosi alifungua kikapu, akakuta ugali wa jana uliokaangwa na maharage.

"Kula chakula cha watu," alisema. "Nyinyi Wanyakyusa mnashindia ndizi halafu mnashangaa kuwa wafupi."

"Ufupi ni faida. Gari likibingirika, mimi sigongi kichwa."

"Basi siku hiyo nitainama."

Walivuka mashamba ya pareto na misitu ya miti michanga. Ambrosi alisimulia tena habari za barabara za Burma, jinsi walivyoshusha malori milimani kwa kufunga magogo nyuma yaburutwe ardhini. Asukile alikuwa amezisikia habari hizo mara nyingi, lakini leo alisikiliza vizuri zaidi.

Makambako askari wa barabarani aliwasimamisha. Alikuwa kijana, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata. Asukile alianza kukanyaga mapema, akakanyaga, akakanyaga, Shangazi akapita askari na kusimama mbele kabisa kwenye kiduka cha muuza chai. Askari akalifuata gari kwa miguu, amekasirika.

"Mbona husimami?"

"Nimesimama, afande."

"Fungua boneti."

Wakafungua. Askari akainama, akatafuta lakiri ya gavana, akaishika kwa vidole, akaivuta kuona kama waya haujachezewa. Akaridhika. Akahesabu taa. Akasoma kibao cha shaba, midomo ikimchezacheza.

"Gari zima," akasema. "Nendeni."

"Afande," Ambrosi alisema, "hii gari haina breki."

Askari akamtazama kuona kama anataniwa. "Breki hazimo kwenye maagizo ya leo, mzee. Leo tunaangalia lakiri." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtoto wa mtu: "Huko mbele mteremko ni mkali. Mwende polepole."

Huko mbele, nyanda za juu zinakwisha ghafla, na barabara inashuka kwa mizunguko kuelekea Igawa, kwenye joto la tambarare ya Usangu. Ukisimama pale juu unaona vumbi la magari yaliyo chini kabla hujasikia mlio wake. Asukile alisimamisha gari mahali pa mwisho palipo sawa, Ambrosi akaruka na kuweka jiwe mbele ya gurudumu.

Hawakubishana. Walitafuta gogo lililoanguka, wakalifunga nyuma kwa mnyororo wa gari, likiwa zito kiasi cha kuhitaji nguvu zao wote wawili. Asukile akaanza kushuka kwa gia ya kwanza. Gogo likakwaruza ardhi likitifua vumbi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi kitu kikimshika kwa nyuma, kama mkono wa mzazi kwenye ukosi wa shati. Ambrosi alitembea kando ya gari akiwa na jiwe mkononi, akisema maneno ya Kihehe ambayo mengine yalikuwa ya Shangazi na mengine ya Mungu.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na kundi la vibarua wa barabara, majembe na makarai mikononi, na mnyapara wao akatokea katikati ya njia amenyanyua fimbo.

"Simama! Simama! Mnalima barabara ya Serikali?"

Nyuma ya gari gogo lilikuwa limechora mfereji mrefu. Ile ndiyo sehemu vibarua waliyokuwa wameisawazisha asubuhi nzima. Asukile akaona aibu ya kweli. Aliteremka, akavua kofia. Akamtambua mnyapara kwa lafudhi: Mnyakyusa mwenzake, aliyeitwa Isakwisa, mtu wa Tukuyu.

"Ugonile, kaka," alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Usiniugonile hapa. Bwana wa Barabara anapita kesho. Akiona mtaro huu atauliza nani kauchimba. Gogo hilo lifungueni."

"Tukilifungua tutakufa."

"Mkilivuta, mimi sina kazi."

Wakamweleza. Wakamwonyesha pedeli inavyozama. Isakwisa alijaribu mwenyewe, akaikanyaga kwa buti yake, akakaa kwenye kiti cha dereva akitazama bonde lote lililofunguka mbele ya kioo. Alipoteremka sauti yake ilikuwa imepungua.

"Egesheni hapa basi, msubiri."

"Tusubiri nini? Raba ziko Mbeya," Asukile alisema.

"Hapa pia hapaegeshwi. Ni kona," Isakwisa akakumbuka.

Ambrosi akaketi juu ya gogo. Alionekana mzee ghafla, magoti yake yamefika karibu na mabega. Vibarua walikuwa wameacha kazi na kusogea. Mmoja wao, mtu mzima aliyeitwa Eliezeri, Mbena mwenye kifua kipana na ndevu nyeupe, alizunguka gari akiligusagusa kama mnunuzi mnadani.

"Mnyapara," alisema, "tuna ile kamba ya kuvutia roli la kushindilia udongo."

"Kwa hiyo?"

"Roli tunalivuta kupanda. Hili tutalivuta lisishuke. Ni kazi ile ile, kinyume chake."

Isakwisa akafikiri. Alikuwa mtu wa sheria, na alionekana akizipitia moja moja kichwani kutafuta ipi imekataza jambo hilo.

"Sheria inakataza gogo," akasema hatimaye. "Sijasikia ikitaja watu."

Ndivyo Shangazi alivyoshuka mlima ule. Gogo lilifunguliwa, kamba nene ya katani ikafungwa kwenye chuma cha nyuma, na vibarua wote wakaishika, safu mbili, visigino vimechimbwa ardhini, Eliezeri akiwa wa mwisho ameizungusha kamba kiunoni. Asukile alikaa kwenye usukani na mlango wazi. Ambrosi alikwenda mbele na jiwe lake. Asukile alikuwa amewaambia jina la gari, na hapo hapo likawa wimbo. Eliezeri aliita, "Shangazi!" na watu wakaitikia, "Taratibu!" na kila walipoitikia waliachia kamba kidogo, na gari likateremka kidogo. "Shangazi!" "Taratibu!" "Nyumbani si mbali!" "Taratibu!" Mnyapara mwenyewe alianza kwa kupiga kelele za amri, akaishia ameshika kamba kama wengine, kofia yake ya kazi imegeuka kisogoni.

Asukile akiwa ndani alitamani kulia na kucheka. Maishani mwake alikuwa amebeba mizigo ya watu wengi, lakini hajawahi kubebwa na watu asiowajua, jua la mchana likiwawakia kichwani, kwa sababu tu walimkuta barabarani.

Kwenye kona kali ya mwisho changarawe zikateleza chini ya magurudumu. Gari likaruka mbele. Safu ikavunjika, watu wakaanguka kulia na kushoto wakiachia, na kamba ikaanza kukimbia mikononi mwa waliobaki. Asukile aliona ukingo wa bonde ukimjia kioo kizima. Akakata usukani kuelekea upande wa mlima, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote, na nyuma yake akasikia mtu mmoja akinguruma. Ni Eliezeri. Hakuachia. Aliketi chini, miguu ameikita kwenye mwamba wa kando, kamba ikamkata viganja na kiuno. Pigo moja, mlio wa bati, na Shangazi akaegemea ukuta wa udongo na kutulia. Ambrosi alikuwa ameingiza jiwe chini ya gurudumu, na nusura aingize mkono wake pia.

Kisha Ambrosi akakimbia juu kwa ile miguu yake mirefu. Viganja vya Eliezeri vilikuwa vimechunika, vyekundu kama nyama ya buchani. Yeye alivitazama kwa mshangao, kama mali ya mtu mwingine.

"Ni ngozi tu," alisema. "Itaota."

Ambrosi alichana kitambaa cha Matilda kilichofunika kikapu, akamfunga mkono mmoja, halafu wa pili, taratibu. Asukile akasema watampeleka zahanati ya misheni iliyo njiani baada ya Igawa.

"Akiondoka kazini siku yake inakatwa," alisema Isakwisa, akitazama pembeni. "Ndivyo utaratibu ulivyo." Akavua kofia, akaikung'uta vumbi. "Panda, Eliezeri. Mimi nitasema ulikuwa kazini. Na kweli ulikuwa kazini."

Kutoka hapo mteremko ulikuwa mdogo na barabara ikanyooka. Eliezeri alikaa katikati yao, mikono ameinua mbele yake kama mtu anayeota moto. Alikuwa hajawahi kukaa mbele ya gari. Alisifu kiti, akasifu kioo, akauliza kile kibao cha shaba kimeandikwa nini.

Asukile na Ambrosi wakatazamana.

"Ni jina la waliolitengeneza," Ambrosi alisema.

Walimwacha zahanati mikononi mwa muuguzi, naye akawaaga kwa kuwapa kiwiko kila mmoja badala ya mkono. Waliendelea kwenye tambarare, wakapita Chimala na Igurusi. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya milima ya Mbeya walipoingia uwanja wa kampuni na kumwacha Shangazi ajisimamie mwenyewe kwa kugusa gunia la mchanga.

Bwana Hadley alitoka barazani akiwa na kikombe cha chai. Hakuwa mtu mkatili. Wafanyakazi walimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hakuwahi kukataa jambo lolote, bali aliliahirisha. Naye alikuwa na wakubwa wake Nairobi, waliomwandikia kila mara kuuliza kwa nini magari yake yanakula faida.

"Asukile! Kalinga pia? Safi sana," alisema kwa Kiswahili chake cha mashamba ya walowezi. "Mimi nasema gari nafika, gari nafika. Mnataka chai?"

"Tunataka raba, bwana," Ambrosi alisema.

"Ah. Raba." Akanywa chai. "Raba ziko. Lakini sikiliza. Hii gari natoka Iringa mpaka hapa, mzigo tele, leo hii. Gari bovu hawezi kufanya hivyo. Mimi iko na gari mpya, wiki ijayo Serikali nakagua kwa kazi ya posta. Raba hizi tunaweka akiba ya gari mpya. Zingine nakuja. Kesho nyinyi narudi Iringa na sukari."

Asukile alimtazama Ambrosi. Mzee alikuwa amesimama wima, mikono mgongoni, kama jeshini.

"Bwana," Ambrosi alisema, "gari hili halikushuka lenyewe. Lilishikwa na watu."

"Watu gani?"

Asukile akamweleza, kwa kifupi: kamba, vibarua, wimbo, mzee wa Kibena na viganja vyake. Bwana Hadley alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, tabasamu la kweli, akatikisa kichwa.

"Watu hodari sana hawa wa huku," alisema. "Hodari sana." Akaingia ndani.

Ambrosi alibaki akitazama mlango uliofungwa. Halafu alikwenda kwenye gari, akashusha mfuko wake wa spana, akatafuta jeki. Akainua gurudumu la mbele, akalitoa, akaliegemeza ukutani. Akafungua ngoma ya breki, akaitua chini. Akatandika gunia na kuanza kupanga juu yake: springi, viatu vya breki, silinda ndogo, vile vikombe vya raba vilivyolika mpaka vikawa kama maganda ya dengu. Kila kitu kwa mpangilio wake, kama vyombo vya harusi.

Asukile alielewa kabla hajaambiwa. Gari lililofunguliwa namna ile haliendi Iringa kesho, wala kesho kutwa, si kwa amri wala kwa madereva wa sokoni. Alielewa pia kwamba mzee alikuwa hajamwomba lolote. Angeweza kwenda zake nyumbani. Tupokigwe alikuwa anamngoja, na kesho akiulizwa angesema hakuwepo. Alisimama pale akifikiri habari za Ikupa na shule yake. Alifikiri pia habari za mtu aliyewaaga kwa kiwiko.

Akachukua spana nyingine, akaenda kuanza gurudumu la upande wa pili.

"Hiyo nati inafungukia kushoto," Ambrosi alisema bila kuinua kichwa.

"Najua, mzee."

"Nilidhani hujui."

Magurudumu yote manne yalikuwa ukutani Tupokigwe alipoingia uwanjani na sufuria ya chakula kichwani, amesikia kwa majirani kwamba vani ya kijivu imeingia. Alipiga goti kumsalimia Ambrosi, kisha akazunguka gari lililokaa juu ya mawe, akiangalia vipande vyote vile vilivyotandazwa.

"Baba Ikupa," alisema, "unatengeneza au unabomoa?"

"Naegesha," Asukile akajibu.

Tupokigwe alimtazama mumewe usoni. Walikuwa wameoana siku nyingi. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Akatua chakula chake kwenye ngazi ya baraza na kukaa.

Bwana Hadley alitoka akiwa na kofia mkononi, anakwenda nyumbani. Aliona magurudumu. Aliona gunia. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Nyinyi nafanya nini?"

"Sevisi, bwana," Ambrosi alisema.

"Nani nasema fanya sevisi?"

"Gari lilisema."

"Gari nakuwa tayari saa ngapi?"

Ambrosi akainuka, akafuta mikono yake polepole, kidole kwa kidole. "Raba zikipatikana, bwana."

Bwana Hadley aliwatazama mmoja baada ya mwingine, hata Tupokigwe. Huenda alihesabu sukari inayongojwa Iringa. Huenda alifikiri habari za wakubwa wake. Akarudi ofisini. Alipotoka alikuwa na kiboksi kidogo cha kadibodi, akakitupa juu ya gunia, kikaangusha springi mbili.

"Weka," alisema. "Ukimaliza, Kalinga, kazi yako na kampuni imekwisha. Mimi hapana taka kuona wewe katika gereji yangu Iringa. Na wewe, Asukile, mara moja tena kama hii, unamfuata."

Akaenda zake. Walisikia gari lake dogo likiondoka na kufunga breki vizuri kabisa kwenye njia panda.

Ambrosi alikiokota kile kiboksi. Akakifungua, akatoa kikombe kimoja cha raba, akakinyanyua kwenye mwanga wa mwisho wa jua. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kinanukia upya. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikarudi.

"Ndizo," alisema.

"Mzee," Asukile alisema. "Utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia nimerudi. Ndivyo alivyoagiza." Akatafuta springi zilizoanguka, akazipangusa. "Lakini nitarudi na nini Iringa? Sina tena haki ya kupanda gari la kampuni."

"Utarudi na hili. Nani ataniuliza nimepakia nini kati ya magunia ya sukari? Nimeahidi kukurudisha."

Ambrosi alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele na kuanza kufunga, akipaka mafuta kila kipande kwanza, akisafisha silinda kwa ncha ya shati lake, kwa uangalifu ule ule wa siku zote, hata zaidi. Tupokigwe alifunua chakula, mvuke wa ndizi na maziwa ukapanda. Akajaza sahani kubwa kuliko zote, akaiweka karibu na mkono wa mzee.

"Kula kwanza, baba," alisema. "Mtu aliyefukuzwa kazi hafanyi kazi na njaa."

"Ndizi," Ambrosi akanung'unika, akanawa mikono, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akarudi chini ya gari.